Kakakuona Hakupita Mlangoni

Gari la Morogoro lilikuwa lifike saa kumi, na likishafika lingeondoka na Evod. Hilo kila mtu pale bustanini alilijua, kuanzia Mzee Apolinari mwenye wanyama hadi bibi wa jikoni, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa ametulia. Inspekta Brigitha Likwaya alishuka kwenye bodaboda saa sita na dakika ishirini, akatazama saa yake, akaona amebakiwa na saa tatu na nusu hivi za kujua kama wanampeleka mwizi au wanampeleka mtu tu.

Kwa Koplo Nazari, aliyeifungua kesi asubuhi, hapakuwa na cha kujua zaidi. Alimpokea bosi wake getini na kumweleza huku wakitembea, maana Brigitha hakuwa mtu wa kuelezwa amesimama. Bustani ile ya wanyama iko nje kidogo ya Ifakara, njia ya Mang'ula. Mzee Apolinari aliianzisha baada ya kustaafu kazi ya miwa, akaijaza mamba wawili, kobe, tumbili na ndege wengi kuliko alioweza kuwakumbuka. Kila likizo ya Juni hufungua kambi ya mchana ya watoto: wanaingia saa mbili, wanalisha kobe, wanachora ndege, wanakula maandazi, saa tisa na nusu wazazi wanawachukua. Mwaka huu walikuwa watoto ishirini na sita. Na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, palikuwa na kakakuona.

Kakakuona mwenyewe alikuwa mdogo, kilo nne hazifiki. Wakulima wa Michenga walimkuta wakivuna mpunga, wakamkabidhi kwa watu wa maliasili, nao wakamweka hapo wiki mbili apate nguvu kabla ya kupandishwa milimani Udzungwa. Leo asubuhi chumba chake kilikutwa kitupu.

"Kufuli zima, ufunguo mmoja, shingo moja," Nazari alisema. "Hata darasa la kwanza wanaijumlisha hiyo, afande."

Shingo yenyewe ilikuwa ya Evod, mtunza wanyama, aliyevaa ule ufunguo kwa kamba kama rozari. Na kama hiyo haikutosha, simu yake ilionyesha kwamba jana alimpigia mtu mmoja, Fidel, mara sita kabla ya saa tano, na huyo Fidel akaingia na kasha la barafu, akatoka nalo. Kakakuona ni nyara ya serikali. Anayekutwa na hatia yake hufungwa miaka ishirini, si miezi. Mkewe Evod alikuwa ameketi nje ya geti tangu asubuhi, mtoto mgongoni, hajaomba hata maji ya kunywa, na Brigitha alipompita alijikuta anaongeza mwendo.

Nazari si askari mbaya, nisije nikamsingizia. Tatizo lake lilikuwa moja: alipenda mambo yaishe. Brigitha naye, baada ya miaka kumi na tisa kazini, alikuwa na ugonjwa wa kinyume chake. Hakuweza kukaa kwenye kiti ofisini ikiwa kuna kitu hakijakaa sawa, na wenzake walishazoea kumwona akizunguka ua wa kituo akijisemea mwenyewe.

Walimfungia Evod stoo. Walimkuta amekaa juu ya gunia la pumba, pingu mkononi, macho chini. Alijibu alichoulizwa na hakuongeza. Ufunguo haujatoka shingoni mwake. Fidel ni wa samaki. Mamba walikuwa hawajala siku mbili, ndiyo maana alimpigia na kumpigia. Jana saa kumi jioni, watoto wakiwa wameshaondoka, alimpelekea kakakuona chakula chake, karai la udongo wa kichuguu wenye mchwa, akalipitisha kwenye mlango mdogo wa chini.

"Ulimwona?" Brigitha aliuliza.

Evod akafikiri. Alisema aliona udongo wa asubuhi umerundikana pembeni, akajua amejizika humo kama kawaida yake.

"Sijakuuliza ulijua nini. Ulimwona?"

"Hapana, afande. Sikumwona."

Brigitha akaandika. Kwa hiyo hakuna aliyejua kama kakakuona alikuwepo jana saa kumi. Nazari alikuwa ameandika kwenye jalada kwamba wizi ulifanyika usiku, kwa sababu wizi, kwa mawazo yake, hufanyika usiku. Brigitha alilifuta hilo neno kwa mstari mmoja.

Fidel alikuwa ameshikiliwa getini pamoja na kasha lake, ananuka shombo na hasira. Nazari akatoa bahasha kwa fahari kidogo. Ndani mlikuwa na magamba sita aliyoyakwangua ndani ya kasha, makubwa, karibu upana wa kucha. Brigitha akachukua moja, akalikunja katikati ya vidole viwili. Likakunjika vizuri tu, na mwanga ukapita.

"Nazari, umewahi kumshika kakakuona?"

"Hapana, afande."

"Gamba lake halikunjiki. Ni gumu kama ukucha wa mguu wa babu. Hili la mbasa. Mwachie mtu akauze samaki wake."

Fidel aliondoka bila kuaga, na Nazari akaibana ile bahasha kwapani, asijue aiweke wapi. Ilikuwa saa saba na robo. Joto lilikuwa limeshuka bondeni na halina mpango wa kupanda tena.

Chumba cha kakakuona kilikuwa cha matofali, mlango wa mbao, kufuli kubwa. Brigitha hakuligusa kufuli. Alichuchumaa mbele ya ule mlango mdogo wa chini, wa kupitishia karai, uliofungwa kwa nje na kipande cha waya. Nazari akawahi kumweleza kwamba huo alishaupima: sentimita thelathini na tano kwa arobaini. Mtu hapiti.

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote, afande. Mimi bega halikuingia."

"Wewe bega lako lilijaribu," Brigitha alisema. "Na waya uliukuta umezungushwa mara ngapi?"

Ikabidi Nazari arudi stoo kwa Evod, akarudi anahema. Evod alisema yeye huuzungusha mara tatu kwa koleo, lakini jana jioni aliukuta umezungushwa mara moja tu, tena kwa mkono, akadhani asubuhi alisahau. Alipoulizwa kwa nini hakusema hayo mapema, alijibu kwamba hakuna aliyemwuliza.

Kufuli likafunguliwa, Brigitha akaingia akiwa ameinama, tochi ya simu mkononi. Sakafu ya saruji, rundo la udongo mkavu, beseni la maji. Halafu akaona msafara wa sisimizi, umetulia kabisa, unatoka kwenye ufa karibu na ule mlango mdogo. Sisimizi wanaopita chumbani mwa kakakuona bila wasiwasi ni dalili tosha kwamba mwenyewe hayupo siku nzima sasa. Ila kilichomshughulisha Brigitha ni mizigo yao. Kila mmoja alibeba kitu cheupe. Akakigusa kwa kidole, akakiweka ulimini. Unga wa mahindi.

"Kakakuona anakula ugali?" akauliza.

Nazari alicheka, kisha akaona bosi wake hatanii.

Unga una kwao, na kwao ni jikoni. Jiko la kambi lilikuwa banda la bati nyuma ya vizimba vya ndege, na mwenye jiko alikuwa Bibi Luciana, Mndamba wa miaka sabini na kitu anayesema anachotaka. Brigitha alipiga goti kidogo, akatoa shikamoo, akaitikiwa, akapewa andazi. Alilishika tu. Alimwuliza bibi kama siku hizi mbili ameibiwa kitu.

Kumbe bibi alikuwa na kesi yake na hakuna askari aliyeisikiliza tangu asubuhi. Tumbili, alisema, tumbili wa Apolinari wanammaliza. Juzi kikombe cha bati. Jana kabla ya watoto kulala mchana, bakuli la unga, unga wenyewe ndani. Kisu kidogo cha kumenyea viazi. Na kitambaa cheupe cha kufunikia maandazi, kipya, alichokishona pindo mwenyewe.

Brigitha akaacha kuandika. "Bibi, tumbili wa kuchukua unga nimemwona. Wa kuchukua kisu na kitambaa sijamwona."

Bibi Luciana akamtazama. Halafu akatazama vidole vyake mwenyewe, akavihesabu kimya kimya, kimoja kimoja, unga, maji, kisu, kitambaa, na uso wake ukabadilika.

"Mama yangu," akasema polepole. "Wamemwuliza."

Nazari alitaka aelezwe, akaelezwa wakiwa njiani. Brigitha ni Mpogoro wa Mahenge, na mambo hayo aliyaona kwa macho yake akiwa hajafika hata darasa la pili. Kakakuona si mnyama wa kuonekana hovyo. Akijitokeza kijijini, wazee humpokea kama mgeni, wanapanga vitu mbele yake chini, kisha wanamwachia achague. Akiendea unga, mwaka wa shibe. Akiendea maji, mvua. Kisu ni vita. Kitambaa cheupe ni sanda. Hakuna Mpogoro wala Mndamba wa umri wake asiyelijua hilo, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe nao wana lao linalofanana.

"Sasa nisikilize vizuri," alimwambia Nazari. "Mtu anayeiba kakakuona akamuuze hana swali la kumwuliza. Anamtia kwenye gunia anaondoka. Huyu wetu alikuja na swali. Na anapita kwenye kitundu cha sentimita thelathini na tano."

Nazari akasimama. Kutoka uwanjani zilisikika kelele za watoto ishirini na sita wakicheza rede.

Saa nane kasoro dakika tano Brigitha alikuwa tena mbele ya Evod, na safari hii alikuwa na swali moja tu: aliwasimulia nini watoto? Hapo ndipo yule bwana alipoinua uso. Jumatatu, alisema, aliwapeleka watoto kumwona kakakuona, wakamwuliza kwa nini watu wanampenda, naye akawasimulia habari za wazee na vile vitu vinne. Mtoto mmoja akauliza kama anaweza kuulizwa hata pale chumbani. Evod, kwa utani tu, akajibu kwamba kwenye saruji hajibu. Hujibu kwenye udongo, chini ya jua la Mungu. Mzee Apolinari alisikia, akamgombeza mbele ya watu kwamba anawajaza watoto ushirikina na wazazi watawatoa kambini. Akaapa hatarudia. Ndiyo maana leo alikaa kimya. Aliona akisema atafukuzwa kazi.

"Unaogopa kufukuzwa kazi," Brigitha alisema, "na gari la kukupeleka gerezani liko njiani."

"Ndiyo, afande," Evod alijibu, na kwa aibu yake hata Nazari aliangalia pembeni.

"Mtoto gani aliuliza?"

Hakukumbuka. Wote walikuwa wanauliza. Msichana, alisema. Zaidi ya hapo hakuweza kuapa, na Brigitha akamheshimu kwa kutoapa.

Mwalimu Kristina, msimamizi wa kambi, alikuwa chini ya turubai na daftari la mahudhurio kifuani. Brigitha alimwomba amwite kila mtoto aseme kama ana habari za kakakuona. Mwalimu akashtuka. Watoto hawajaambiwa kitu, alisema. Wameambiwa kakakuona amepumzishwa na mjomba Evod anaumwa. Watoto hawaambiwi mambo ya namna hiyo, inspekta, watapata hofu.

Brigitha alishusha pumzi. Toka saa mbili asubuhi watu wazima saba walikuwa wakimtafuta mnyama mahali penye watoto ishirini na sita, na hakuna hata mmoja aliyewauliza. Alitaka kusema neno kali, akalimeza. Mwalimu mwenyewe alikuwa binti wa watu, amefundishwa hivyo na waliofundishwa hivyo.

"Basi niambie wewe," akasema. "Kuna mtoto ambaye kwao kuna mgonjwa?"

Kristina akasogea karibu, akapunguza sauti. Merina. Baba yake yuko huko kwenye mashamba ya miwa, mama yake amelazwa hospitali wiki ya tatu. Shangazi yake ndiye aliyemwandikisha, akaomba sana mtoto asiambiwe lolote, achezeshwe tu asahau. Mtoto mwenyewe mtulivu, hana shida, isipokuwa leo. Leo amekuwa hatulii, kaomba kwenda chooni mara sita.

"Choo kiko wapi?"

"Kule, nyuma ya banda la simba."

"Mna simba?"

"Hatuna," Kristina alisema. "Tuna banda."

Shangazi aliitwa Dativa, na simu aliipokea kwa mlio wa kwanza, kama mtu aliyekuwa ameishika. Alikuwa wodini. Brigitha alijitambulisha, akaeleza kwa kifupi, akauliza hali. Dativa alijitahidi kuwa mkakamavu, akashindwa. Uvimbe tumboni. Wifi yake ameingizwa chumba cha upasuaji saa nane hii hii, mlango umefungwa sasa hivi, madaktari wamesema wataona wakishafungua. Kisha akaomba, akilia, mtoto asiambiwe. Brigitha hakumwahidi. Alisema tu, "Pole sana, dada," akakata.

Halafu mambo yakaenda mbio. Saa nane na dakika arobaini na tano Nazari alikuja kusema gari limeshafika, limewahi, na mkuu wa msafara hana muda wa hadithi za wazee; anataka mtuhumiwa na jalada aondoke kabla barabara ya kiwanda cha sukari haijajaa malori ya miwa. Brigitha akamwambia amcheleweshe. Kwa kitu gani? Kwa lolote, amwombe saini, amwombe kitambulisho, amtafutie soda. Nazari akaenda, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutaka jambo liishe.

Merina alikuwa wa pembeni kwenye mchezo, mwembamba, kofia ya kambi imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mpira ulipita mbele yake na hakuuona. Brigitha alimwendea bila haraka, ingawa miguu ilimwasha.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Merina? Mimi naitwa Brigitha. Kwetu Mahenge." Alichuchumaa wakalingana. "Una miaka mingapi?"

"Tisa. Nafikisha kumi mwezi wa nane."

Brigitha akaiandika hiyo tisa kwenye daftari na kuipigia mistari miwili, maana sheria haimshtaki mtoto aliye chini ya kumi, na mwezi wa nane ulikuwa mbali vya kutosha. Kisha akafunga daftari, akalitia mfukoni.

"Babu yangu aliwahi kumwuliza kakakuona," akasema. "Mimi nilikuwepo. Wewe ulimwuliza nini?"

Mtoto hakukimbia, wala hakukana. Alimwangalia kwa muda, akipima kama huyu mtu mzima ni kama wale wengine.

"Babu yako alijibiwa?"

"Alikwenda kwenye maji. Mvua ilikuja mpaka ikabeba daraja."

"Basi anasema kweli," Merina alisema, akageuka kuondoka uwanjani.

Walitembea wote wawili mpaka banda la simba. Lilikuwa la nondo nene, kufuli lake limeota kutu, nyasi ndani kiunoni. Askari wa Nazari waliangalia kufuli asubuhi wakaendelea na safari. Mzee Apolinari alikuwa ameziachanisha nondo kwa kipimo cha simba. Merina aligeuka ubavu, akapita katikati yake kama anaingia kwao. Brigitha akabaki nje, paji la uso kwenye chuma.

Palikuwa na kichuguu cha zamani kwenye kona, kimechimbwa upande mmoja. Mbele yake, juu ya udongo uliosafishwa kwa mikono, vimepangwa vizuri: bakuli la unga, kikombe cha maji, kisu kidogo, kitambaa cheupe. Na ndani ya shimo, mviringo wa magamba ya kahawia uliokuwa unapanda na kushuka taratibu. Anapumua.

Merina akaeleza mwenyewe, kwa sauti ya chini, akigusa kitu kimoja kimoja. Unga, mama anarudi nyumbani. Maji, anabaki hospitali. Kisu, anapasuliwa, neno hilo alilisikia shangazi akiongea na simu. Kitambaa hakukigusa. Jana alimwuliza kule chumbani, akaenda kwenye kitambaa. Akakumbuka mjomba Evod alisema kwenye saruji hajibu, ndipo wenzake walipolala mchana akamtoa kwa karai, akamleta kwenye udongo. Akaenda kwenye kitambaa. Leo asubuhi akamkuta bado yumo kichuguuni, kwenye mchwa, akamwuliza tena, na jibu likawa lile lile.

"Mara tatu," akasema. "Nilitaka nimwulize mpaka abadilishe."

"Nipe hicho kitambaa."

Alisita, kisha akakipitisha kwa ncha za vidole. Brigitha alikikunjua juani. Kwenye mikunjo kulikuwa na chembe za sukari, na juu ya chembe za sukari, sisimizi, wadogo, wengi. Akamwonyesha.

"Hiki kinafunika maandazi ya bibi. Maandazi yana sukari, sukari inaita sisimizi. Na yeye chakula chake ni nini?"

Merina aliwatazama wale sisimizi.

"Kwa hiyo hajanijibu?"

"Hajakujibu. Alikuwa anakula."

"Basi tukifue, nimwulize upya."

Honi ililia getini, mara mbili. Brigitha aligeuka, akaona watu wanakuja kwenye njia ya vizimba: mkuu wa msafara mbele, hasira usoni, Nazari nyuma yake akimshika Evod mkono, na jua linameta kwenye pingu. Merina naye akaona.

"Mjomba Evod anaumwa," akasema. "Mwalimu kasema anaumwa. Kwa nini amefungwa?"

"Haumwi. Wanasema yeye ndiye aliyemwiba kakakuona. Wanampeleka gerezani."

Hakuna aliyewahi kumwambia mtoto yule jambo lolote kwa maneno machache namna ile. Hakupiga kelele. Aligeuka, akapiga magoti mbele ya shimo, akaingiza mikono yote miwili, akatoka na ule mviringo umemlemea kifuani kwa uzito wake, akauleta mpaka kwenye nondo.

"Ni mimi," alimwambia mkuu wa msafara, mtu asiyemjua. "Mwachieni mjomba."

Brigitha akataka kupokea, Evod akamkataza kwa upole: afande, usimshike tumboni, atakubana vidole. Alijua yeye tu namna ya kumshika. Akanyoosha mikono yake, na pingu zikagonga nondo, na haikuwezekana. Wote wakamtazama Nazari. Nazari alitafuta funguo mifuko minne kabla ya kuzipata, akazifungua zile pingu, na Evod akapitisha mikono mitupu kati ya nondo mbili, akampokea mnyama wake.

"Amekula?" akamwuliza Merina.

"Amekula sisimizi wengi."

"Afadhali," Evod alisema. Kisha akaketi chini palepale, kakakuona mapajani, akaufunika uso wake kwa mkono mmoja, na Nazari akatumwa mbio getini akamwambie yule mama mwenye mtoto aingie.

Merina alitoka bandani kwa ubavu kama alivyoingia. Alijipangusa udongo magotini, akasimama mbele ya Brigitha. Mwalimu Kristina alikuwa amefika, mkono mdomoni, na alipoona mtoto anataka kuuliza alianza kutikisa kichwa.

"Wewe unajua habari za mama?"

"Najua kidogo," Brigitha alisema. "Nimeongea na shangazi yako. Mama ana uvimbe tumboni. Anapasuliwa leo, tangu saa nane. Bado hajatoka."

"Atapona?"

Angeweza kusema ndiyo. Watu wote waliomzunguka walikuwa wanamsubiri aseme ndiyo.

"Sijui, mwanangu. Shangazi hajui. Hata daktari bado hajajua. Ila nitakupeleka sasa hivi ukasubiri pamoja nao."

Merina alilifikiria hilo jibu. Mabega yake, yaliyokuwa yamepanda tangu asubuhi, yakashuka.

"Nilidhani mnajua," akasema, "mnanificha tu."

Ndipo alipoanza kulia, kwa sauti, kinywa wazi, akiwa ameushika mkono wa Brigitha kwa mikono yake yote miwili. Alilia njia nzima kupita vizimba vya ndege, uwanjani mbele ya wenzake, mpaka getini, na hakuna aliyemwambia nyamaza.